Malale na Majira ya Usingizi: Historia ya Ugonjwa Mmoja katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Katogota ni kijiji cha uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, kando ya barabara iendayo Kamanyola na Bukavu. Magharibi yake imesimama milima. Mashariki unapita mto Ruzizi, utokao ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika, na ambao tangu mapatano ya mwaka 1910 baina ya Wabelgiji na Wajerumani umekuwa mpaka. Wakazi wake walio wengi ni Wafuliiru, wakulima wa mihogo, mahindi na mpunga. Kijiji kiko karibu na nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo mwanga wa mchana haubadiliki sana huko mwaka mzima: siku iliyo ndefu kupita zote huizidi iliyo fupi kupita zote kwa dakika 20 hivi tu. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Hata saa za serikali zinakubaliana nalo, jambo lisilopatikana kila mahali katika eneo hili. Kigoma, iliyo upande wa pili wa ziwa na karibu katika longitudo ile ile, hufuata saa za Dar es Salaam, na jua lake huchelewa kwa takriban saa nzima.

Hesabu ya saa ya Kiswahili huanzia hapo jua linapochomoza. Saa moja ni kutimia kwa saa ya kwanza ya mwanga, wala haihusiani na usiku wa manane. Wageni wengi wameiona hesabu hii kuwa ya kinyume. Mwanafiziolojia wa leo angeiona kuwa ya kawaida kabisa, kwani ubongo wa binadamu nao huirekebisha saa yake kila siku kwa mwanga wa asubuhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliingia katika mwambao huu ugonjwa ambao, kama ilivyokuja kufahamika miongo mingi baadaye, uliiharibu hesabu hiyo ndani ya vichwa vya watu. Kwa Kiswahili uliitwa malale.

Jina hilo limetokana na mzizi -lala, na kitenzi hiki kina upana unaostahili kutazamwa. Mtu hulala kitandani akiwa macho makavu, hulala njaa, hulala kwa shemeji yake, yaani hupitisha usiku kwake. Wali uliolala ni kiporo. Kwa usingizi wenyewe lugha ina maneno mengine yaliyo mahususi zaidi: kusinzia, kupitiwa na usingizi, kutopata hata lepe la usingizi, na ule usingizi wa mang'amung'amu ambao mtu husikia kila kitu lakini hajibu. Kwa hiyo neno malale, likichukuliwa kwa uzito wake, ni ugonjwa umlazao mtu chini. Halisemi lazima kwamba huyo aliyelazwa amepata usingizi. Luganda huuita mongota, na hapo maana imeelekea zaidi kwenye kusinzia na kuinamisha kichwa. Lugha za Ulaya, yaani Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, zote zilichagua usingizi peke yake, na kwa uchaguzi huo zikawapa madaktari wake picha ya mtu anayelala kupita kiasi. Picha hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ilichukua muda mrefu kupatikana.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis wa karne ya 14, aliandika juu ya mfalme Mari Jata wa Mali aliyeugua maradhi ya usingizi yapata miaka miwili na kufa karibu na mwaka 1374. Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alichapisha maelezo ya ugonjwa huo na kutaja tezi zinazovimba nyuma ya shingo, dalili ambayo wafanyabiashara ya watumwa waliijua na kuiogopa. Lakini haya yalikuwa ya Afrika ya Magharibi. Kwa upande wa maziwa makuu, habari za ugonjwa huu hazikuwa na uzito katika maandishi mpaka mwaka 1901, pale Albert Cook na nduguye Jack Cook walipowatambua wagonjwa wa kwanza katika hospitali ya Mengo, Uganda. Ndani ya miaka michache wakazi wa visiwa na pwani za ziwa Viktoria walikufa kwa makumi ya maelfu. Makadirio ya jumla ya vifo vya tauni hiyo hadi ilipotulia yanafikia robo milioni. Aldo Castellani aliona kimelea katika ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa wa Uganda, na mwaka 1903 David Bruce alikihusisha kimelea hicho, tripanosoma, na mbung'o.

Ziwa Tanganyika lilikuwa na historia yake ya mwendo wa watu. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 na kukuta ni kituo cha mwisho cha wafanyabiashara waliotoka Ujiji kwa mitumbwi kutafuta pembe na watumwa. Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa Ruzizi mwaka 1871 na kuthibitisha kwamba mto huingia ziwani, hautoki. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kama Rumaliza, akaueneza utawala wake kutoka Ujiji hadi kaskazini ya ziwa, mpaka Dola Huru ya Kongo ilipomwondoa kwa vita katika miaka ya 1892 hadi 1894. Kwa njia hizo hizo Kiswahili kilipata mizizi Uvira, Fizi na bondeni. Katika miaka hiyo hiyo sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, ndui na njaa zikafuata, mashamba yakaachwa na vichaka vikarudi.

Hapa ndipo wanahistoria wanapotofautiana na madaktari wa wakati ule. Madaktari wa Kijerumani waliamini kwamba malale yaliletwa kutoka Kongo na wapagazi, askari na wavuvi, na kwamba dawa yake ni kuzuia watu wasivuke. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi miaka mingi katika Afrika ya kikoloni, alitoa mwaka 1971 kitabu kikubwa kilichoitazama hoja hiyo upya. Kwa maoni yake, jamii za Kiafrika ziliishi na mbung'o kwa mizani: zilifyeka, zililima, zilichunga mahali fulani na kuepuka mahali fulani, na kwa njia hiyo ugonjwa ulikuwapo bila kuwa tauni. Ukoloni ulipoleta vita, kodi, kuhamishwa kwa watu na kufa kwa mifugo, mizani ikaanguka. Helge Kjekshus alisema jambo linalofanana na hilo kuhusu Tanganyika mwaka 1977. Hoja ya Ford haijibu kila swali, na yamkini iliupamba kidogo utulivu wa zamani. Lakini inaeleza vizuri zaidi kwa nini malale yaliwaka pote katika miaka ile ile, Uganda, Kongo na mwambao wa Tanganyika, kuliko hoja ya wapagazi peke yao.

Robert Koch alifika mwaka 1906 na kupiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda. Dawa yake ilikuwa atoksili, mchanganyiko wa aseniki ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umeonyeshwa huko Liverpool kuwa unaua tripanosoma katika wanyama. Wagonjwa walifika kwa mamia, wengine wakibebwa. Damu zao zilisafika kwa muda na wengine wakasimama tena. Kisha ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza kipimo, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka kabisa. Hata hivyo mfumo aliouacha ndio uliopelekwa katika ziwa Tanganyika: kambi za wagonjwa Usumbura, Niansa na Kigoma, ufyekaji wa vichaka kwenye bandari za mitumbwi, na upekuzi wa watu kijiji kwa kijiji. Koch alishauri pia mamba wauawe, kwa kuwa mbung'o hunywa damu yao, shauri ambalo mamba hawakulihisi sana. Msaidizi wake wa zamani, Friedrich Karl Kleine, alithibitisha mwaka 1909 kwamba kimelea hukua ndani ya mbung'o kwa muda wa takriban majuma matatu kabla ya mdudu kuweza kuambukiza, na hivyo kuupinga uelewa wa Bruce kwamba mbung'o hubeba ugonjwa kama sindano chafu tu.

Katika kazi hii waliajiriwa Waafrika ambao Wajerumani waliwaita kwa jina lenye maana ya wapapasa tezi. Walizunguka vijijini wakiwapapasa watu shingoni. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alipelekwa kambini, akachomwa sindano ya kuchukua maji ya tezi, na tripanosoma zikionekana kwa darubini akaandikwa kuwa mgonjwa. Msingi wa utaratibu huu uliwekwa na Dutton na Todd wa Liverpool, waliosafiri Kongo kuanzia mwaka 1903, safari iliyokatisha maisha ya Dutton huko Kasongo mwaka 1905. Kitabibu ulikuwa na maana. Kijamii ulizaa mgongano ambao mara nyingi umeelezwa kwa maneno ya ukaidi na ushirikina, ilhali chanzo chake kilikuwa wazi. Kulikuwa na magonjwa mawili yaliyobeba jina moja. Ugonjwa wa daktari ulikuwa ndani ya tezi na damu. Mtu angeweza kuwa nao mwaka mzima au zaidi huku akilima na kuvua. Ugonjwa wa ukoo ulikuwa ni ule wa mtu aliyebadilika: aliyesinzia akiwa ameshika jembe, aliyekasirika bila sababu, aliyetembea kama mlevi, na hatimaye aliyelala chini asiinuke. Mpapasa tezi alipomchukua kijana mwenye nguvu na kusema ana malale, jamaa zake waliona uongo, kwa sababu kijana hakulala. Na aliyelala kweli alipopelekwa kambini mara nyingi hakurudi, kwa kuwa atoksili haikufika ubongoni kwa kiasi cha kutosha. Kwa macho ya familia, kambi iliwachukua wazima na kuwaua wagonjwa.

Upande wa magharibi wa Ruzizi mambo yalifanana, ingawa kwa sura ya Kibelgiji. Ubelgiji iliipokea Kongo kutoka kwa mfalme Leopold wa Pili mwaka 1908, ikakuta malale yameenea katika mito mingi ya nchi. Ilitenga maeneo, ikajenga lazareti, ikadai hati za afya kwa wasafiri. Mtu aliyezoea kuvuka mto kuoa, kuuza samaki au kuzika, sasa alihitaji karatasi. Lazareti zilichukiwa sana hata baadhi ya mahali zikafahamika kama nyumba za kifo. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliteka Usumbura na Kigoma, kambi za Kijerumani zikasambaratika, na ingawa Kigoma ilipita baadaye mikononi mwa Waingereza, kwa miongo iliyofuata kingo zote mbili za Ruzizi ya chini zilikuwa chini ya Wabelgiji. Uwanda wa Imbo, upande wa Burundi, ulikuwa umepoteza watu wengi kwa vifo na kwa kuhamia milimani. Dawa mpya zilikuja: suramini na triparsamidi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pentamidini kabla na wakati wa ile ya pili, melasoproli mwaka 1949. Triparsamidi, ambayo iliweza kufika ubongoni, nayo iliwapofusha baadhi ya watu. Vikosi vya uchunguzi vilipita kila mwaka. Kufikia kilele cha juhudi hizo, mwishoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wapya katika Kongo nzima walikuwa wamepungua hadi elfu moja na mia chache kwa mwaka.

Katika miaka yote hiyo usingizi wenyewe haukupimwa. Hilo ni jambo la ajabu kidogo kwa ugonjwa uliopewa jina la usingizi. Sababu mojawapo ni kwamba kimelea kilipopatikana, kila kitu kingine kilishuka daraja na kuwa dalili tu. Sababu nyingine ni ya saa. Daktari wa kikoloni alimwona mgonjwa mchana, katika mstari wa upekuzi au katika ukumbi wa lazareti, na mchana mgonjwa alisinzia. Usiku daktari alikuwa nyumbani kwake. Aliyekuwapo usiku ni mama, mke, au mgonjwa wa kitanda cha pili. Hao ndio waliomwona akizunguka, akiongea peke yake, akikaa macho mpaka jogoo la kwanza na la pili. Wako madaktari walioandika tangu karne ya 19 kwamba wagonjwa hawa hukosa usingizi usiku, lakini maandishi hayo hayakubadili jina wala wazo. Kwa msimamizi wa barabara au shamba la pamba, Mwafrika aliyesinzia mchana alikuwa na maelezo mawili tu, malale au uvivu, na mara nyingi la pili ndilo lililokuja kwanza.

Ili kuelewa kilichokosekana, yafaa kurudi nyuma kidogo, katika elimu ambayo kwa muda mrefu haikuwa na uhusiano wowote na mbung'o. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, ambao hukunja majani yake usiku. Mmea uliendelea kuyafungua mchana na kuyafunga usiku bila kuliona jua. Ilikuwa dalili ya kwanza kwamba kiumbe hubeba saa yake ndani. Binadamu naye ni hivyo: akitengwa na mwanga na saa za ukutani, mwili wake huendelea na mzunguko unaozidi saa 24 kwa dakika chache. Mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaligundua mahali ilipo saa hiyo katika wanyonyeshao. Ni viini viwili vidogo vya neva ndani ya haipothalamasi, juu tu ya mahali neva za macho zinapokutana, vyenye jumla ya chembe kama 20,000. Vikiharibiwa katika panya, mnyama hulala jumla ile ile ya saa, ila usingizi wake hutawanyika vipande vipande mchana na usiku.

Utendaji wa saa hii ndani ya chembe ulifahamika polepole tangu mwaka 1971, Konopka na Benzer walipopata katika nzi wa matunda jeni moja ambayo kasoro zake huichelewesha saa, huiharakisha au huiua kabisa. Jeni za namna hiyo hutengeneza protini. Protini zikishajikusanya hurudi kuzizima jeni zilizozitengeneza. Zikishaoza, jeni huamka tena. Na mzunguko mzima huchukua karibu saa 24. Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2017. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni hupeleka habari moja kwa moja kwenye viini hivyo na kuisahihisha saa. Navyo huamuru mengine: homoni ya melatonini kutolewa gizani, kotisoli kupanda kabla ya kucha, joto la mwili kushuka usiku wa manane.

Usingizi hutawaliwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni kiu ya usingizi, ambayo huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho na kuzimwa kwa kulala. Ya pili ni saa, ambayo haijali mtu amechoka kiasi gani. Husema tu kwamba sasa ni usiku. Alexander Borbély, wa Zurich, aliziunganisha katika nadharia moja mwaka 1982. Mtu mzima huwa na zote mbili zikikubaliana. Mlinzi wa usiku huwa na zote mbili zikigombana. Mgonjwa wa malale, kama ilivyoonekana baadaye, hubaki na kiu huku saa ikinyamaza.

Kipimo cha kweli kilikuja katika miaka ya 1980 na 1990. Alain Buguet, daktari na mwanafiziolojia Mfaransa, pamoja na wenzake wa Niamey, Brazzaville na Abidjan, waliwalaza wagonjwa hospitalini na kurekodi umeme wa ubongo wao kwa saa 24 mfululizo, badala ya usiku mmoja kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalikuwa na uzito. Wagonjwa waliofikia hatua ya ubongo hawakulala zaidi ya watu wazima. Jumla ya usingizi wao kwa siku ilikuwa karibu ile ile. Kilichoharibika ni mgawanyo: usingizi ulikuja kidogo kidogo, mchana na usiku, na kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo tofauti ya mchana na usiku ilivyofifia. Aidha, usingizi wa ndoto, ambao kwa mtu mzima huja baada ya takriban saa moja na nusu ya usingizi mzito, kwa hawa ulikuja mara tu walipofumba macho. Mizani ya homoni, hasa kotisoli, ilivurugika kwa wagonjwa waliozidiwa. Baada ya matibabu, wengi wao walirudiwa na usiku wao.

Kwa maneno mengine, ile panya iliyoharibiwa viini vya saa na yule mgonjwa wa Brazzaville walikuwa na picha moja. Krister Kristensson wa Stockholm na Marina Bentivoglio wa Verona walionyesha katika miaka hiyo hiyo kwamba panya walioambukizwa tripanosoma huwa na kasoro katika utendaji wa viini hivyo, bila chembe zake kufa kwa wingi. Hilo lina maana kubwa, kwa kuwa saa iliyovurugwa yaweza kurekebishwa, lakini saa iliyokufa haiwezi. Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira na wenzake waliendelea mbele: katika panya walioambukizwa, saa ya mwili ilikwenda mbio, mzunguko wake ukawa mfupi kuliko wa kawaida, na wanyama wakawa na pilika wakati waliopaswa kupumzika. Mwaka mmoja kabla yake kundi hilo hilo lilionyesha kwamba tripanosoma yenyewe, chembe moja tu, ina saa yake, na kwamba wepesi wake wa kuuawa na suramini hubadilika kulingana na saa ya siku. Mgonjwa hubeba saa mbili ndani yake, yake na ya mgeni.

Tukirudi kwenye maneno, ni vigumu kutoona kwamba nahau za Kiswahili zilikuwa na nafasi ya kulieleza hili kabla ya vipimo. Anayekesha hukaa macho kwa kusudi hadi kuche: hukesha kwenye matanga, kwenye ngoma, kwa mgonjwa. Anayekosa usingizi huutafuta asiupate. Anayesinzia hupitiwa asipotaka. Mgonjwa wa malale husinzia mchana asipotaka na hukosa usingizi usiku akiutaka, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa kulala kwa maana ya kupumzika. Laiti swali la upekuzi lingekuwa juu ya usiku wa mtu, ndugu waliokuwa wamesimama pembeni wangekuwa mashahidi. Shingo pekee ndiyo iliyoulizwa.

Suala hili halikubaki la kihistoria. Baada ya uhuru vikosi vya uchunguzi vilidhoofika, kisha vita za miaka ya 1990 zikazifunga barabara na zahanati. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo mingi. Katika eneo la mashariki, Kasongo na sehemu nyingine za Maniema zilibaki kuwa makao ya ugonjwa. Uwanda wa Ruzizi, kwa upande wake, ulipata sababu nyingine za kutolala. Katogota yenyewe ilishambuliwa tarehe 14 Mei 2000 na wakazi wake wengi wakauawa. Mahali ambapo watu hupitisha usiku vichakani kwa hofu na kusinzia mchana shambani, dalili ya zamani ya malale hupotea miongoni mwa dalili za vita. Mwenye hofu hukesha akijua anachokisikiliza, na akipata siku chache za amani usiku wake humrudia. Mgonjwa wa malale haujui usiku wake ulipokwenda. Muuguzi anayeuliza mchana tu hawezi kuwatenganisha hao wawili. Atahitaji sindano ya uti wa mgongo, au ushahidi wa anayelala naye chumba kimoja.

Matibabu pia yalibaki ya kutisha kwa muda mrefu. Melasoproli, nayo mtoto wa aseniki, iliua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20 waliodungwa, na iliendelea kutumika hadi karne hii kwa kukosa mbadala wa bei nafuu. Kuanzia mwaka 2009 mchanganyiko wa eflonithini na nifurtimoksi ulichukua nafasi yake kwa malale ya upande wa Kongo, lakini ulihitaji mishipa, chupa na kitanda cha hospitali. Kisha ikaja feksinidazoli, vidonge vya siku kumi humezwa baada ya chakula, vilivyojaribiwa hasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuidhinishwa huko mwishoni mwa mwaka 2018. Tangu mwaka huo wagonjwa wanaoandikishwa Afrika nzima hawajafika 1,000 kwa mwaka.

Bado palikuwa na ziwa katikati. Magharibi yake kimelea ni kile cha mbung'o wa kando ya mito na maziwa, ambacho huchukua miaka kufika ubongoni. Mashariki, katika miombo ya Kigoma na Tabora, ni ndugu yake mkali, anayetoka kwa wanyama pori na anayeua kwa miezi. Dhidi ya huyo, mgonjwa aliyefikia hatua ya ubongo aliendelea kutegemea melasoproli. Mnamo Desemba 2023 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa maoni ya kukubali feksinidazoli kwa kimelea hicho pia, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika mwongozo wake. Vidonge hivyo hivyo vinaweza sasa kumezwa Uvira na Kigoma, ingawa saa za ukutani katika miji hiyo miwili bado hazilingani.